Dawa ya Homa Mara Kumi na Moja

Mtoto wa miaka miwili alinyweshwa dawa ya homa mara kumi na moja kwa siku mbili, na kila aliyemnywesha alijiona ndiye peke yake aliyekumbuka.

Mama yake alimpa alfajiri, kabla ya zamu ya kiwandani. Bibi yake alimpa kila alipomwona analegea. Baba yake, fundi rangi, alimpa jioni kwa kijiko cha chakula, maana kikombe kidogo cha kupimia kilichokuja na chupa alikuwa amekichukua kazini, apimie dawa ya kukaushia rangi.

"Kikombe kiko wapi?" mkewe aliuliza.

"Kitakuwa kimepotea. Mimi nachanganya rangi kwa macho miaka kumi na tisa. Ukuta gani umewahi kunirudisha?"

"Huyu si ukuta."

"Dawa ya watoto hiyo, tamu kama juisi. Itamfanya nini?"

Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, ila mtoto alitapika hata maji, akalala kama nguo iliyolowa. Hospitalini nesi alishika kalamu.

"Nani alimpa, lini, kiasi gani?"

"Kidogo tu, dada," fundi akawahi kujibu.

"Kidogo ni vijiko vingapi?"

Mama akasema yeye alimpa mara mbili, kila alfajiri moja. Bibi akahesabu, vidole vya mkono mmoja vikaisha.

"Nilidhani nyie mmesahau," akasema kwa sauti ndogo.

"Dawa hii ikizidi inaharibu ini," nesi akasema. "Daktari anasubiri hesabu yangu. Mkinificha, anayeumia ni huyu. Baba, nakusikiliza wewe."

Fundi alimtazama mtoto, kisha sakafu.

"Kikombe nilikichukua mimi. Nilimpa kijiko cha chakula, kimejaa pomoni. Akilia, naongeza cha pili. Jioni zote mbili."

Mkewe hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Nesi aliandika, akatoka mbio na karatasi.

Ini lilipona. Mtoto alikaa kitandani siku nne na dripu ya kuua sumu ya dawa. Alitobolewa mara tisa kutolewa damu, mara mbili mshipa ukakosekana. Mama alikosa zamu nne. Kazi ya kupaka rangi ghorofa mbili alipewa fundi mwingine. Bibi alirudi kwake, na hadi leo akiombwa akae na mtoto hata kwa saa moja, anakataa.