Kadi Sitini za Parokia Moja

Uvivu ndio ulioniponza, wala sitamsingizia shetani.

Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta hapa Houston, katika kituo kinachoangalia mwendo wa magari. Unazijua zile kadi za kulipia barabara, zinazobandikwa kwenye kioo cha mbele. Sisi hatuna haja na hela yako. Kadi ikipita chini ya mlingoti wa kwanza inasomwa, ikipita wa pili inasomwa tena, nasi tunajua umetumia dakika ngapi. Dakika hizo tunaziandika kwenye ubao mkubwa juu ya barabara, wenye haraka zao wajue.

Sasa, barabara ya kwenda Brenham haina malipo, kwa hiyo wenye kadi huko walikuwa wa kuhesabu. Bosi wangu, Bi Darlene Hruska, akanipa kadi sitini za bure na wiki tatu: nisimame vituo vya mafuta, nigawe kwa watu wasiojuana, wa kila aina na wa kila saa. Nikiharibu, akasema, narudi kupanga koni za kuzuia magari barabarani. Nina miaka hamsini na sita na goti bovu. Koni sitaki hata kuzisikia.

Nilisimama juani saa moja tu. Jumapili nikabeba boksi zima hadi parokiani, nikagawa zote mlangoni baada ya misa. Dakika kumi. Nikajiona mjanja kweli.

Ikaja Jumapili moja ya Aprili, niko zamu. Saa sita kasoro, kipande chetu cha barabara ya Brenham, ambacho ni cha dakika tisa toka mlingoti hadi mlingoti, kikasoma ishirini. Punde arobaini. Kisha hamsini na mbili, nyekundu tupu. Kamera huko hatukuwa nazo. Bi Darlene akasogeza kiti, akasema hiyo ni ajali kubwa, tuandike ubaoni watu wachepuke wapite njia ya mashambani.

Ajali gani? Aprili ni mwezi wa maua ya buluu kando ya barabara ile, na hakuna mzazi wa Texas atakayeyapita bila kusimamisha gari, kumkalisha mtoto katikati na kumpiga picha. Parokia yetu huenda kwa pamoja, ikitoka misani, na bibi na mbwa. Wale hawakukwama, walikuwa wamechuchumaa mauani, magari wameyaegesha kati ya milingoti miwili.

Ningenyamaza, koni ningeziepuka. Lakini maelfu ya watu wangeishia nyuma ya matrekta kwa uongo wangu, na hilo lilinishinda.

"Bosi, usiandike," nikasema. "Kadi zote nilizigawa parokiani kwetu. Wako mauani wanapiga picha."

"Zote sitini?"

"Moja ni ya mke wangu."

Bi Darlene akapigia simu kituo cha mafuta kilicho pale pale kando ya barabara. Muuzaji akasema njia nyeupe, magari yanateleza, ila kuna kundi la watu limemkanyagia maua. Akaandika ubaoni mwenyewe: dakika tisa.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia kwenye koni.

"Koni ni za watu wanaoaminika, Odell," akasema, akanisukumia boksi jipya. Kadi sitini nyingine, kila moja kwa mtu nisiyemjua kabisa, la sivyo nitafute kazi kwingine.

Nilisimama siku nne, goti likilia, na kadi nilizotoa hazikufika kumi. Mtu akija kuweka mafuta namsalimu, si ndiyo adabu? Naye anajibu. Mpaka tangi lijae, nishajua jina lake, kwao, na mkwewe anaumwa nini. Huyo nitasema simjui? Naona haya, nairudisha kadi mfukoni.

Siku ya tano Bi Darlene alikuja, akakaa garini nusu saa akinitazama. Mwisho akashusha kioo.

"Odell," akasema, "wape kabla hujawasalimu."

Kufika jioni boksi lilikuwa tupu.