Maji Yaliyostaafu kwa Kijiko Kimoja

Usiku wa jana niliota ndoo yangu ya maji imeitwa kwenye uhakiki.

Wastaafu wenzangu wanaujua uhakiki. Unapanga foleni na kitambulisho mkononi, unafika dirishani, unathibitisha kwamba hujafa, unagongewa muhuri. Mimi nimethibitisha mara sita tangu niache kazi ya reli hapa Dodoma, na mara zote nimefaulu. Lakini jana hawakunitaka mimi. Waliitaka ndoo.

Sababu naijua. Tangu ukame uanze, mtaani kwetu limebandikwa tangazo: bustani isimwagiliwe kwa mpira wala kwa maji mapya, imwagiliwe kwa maji yaliyokwisha kufanya kazi. Yaani ukishaosha vyombo au ukishanawa, yale mabaki ndiyo ya mboga. Sasa mke wangu, Mama Nyemo, yuko Kondoa wiki ya tatu anamwangalia binti yetu aliyejifungua, na ameniachia shina moja la boga. "Baba Nyemo," alisema akiwa mlangoni, "nikirudi nilikute."

Kuosha vyombo sikupendi. Kwa hiyo kila asubuhi najaza ndoo maji safi, natumbukiza kijiko kimoja, nakitoa, namwagilia. Maji yameosha kijiko. Yamefanya kazi. Nani atabisha?

Ndotoni walibisha.

Nimesimama foleni, ndoo mkono wa kulia, boga nimelikumbatia kwa mkono wa kushoto na mizizi yake yote. Linapumua kwa shida. Jani moja limeshalala. Mbele yangu yuko jirani yetu, Bi Ndalu, na beseni lake. Maji yake ni ya kijivu, mazito. Yameosha maharage, yakaosha sahani, yakaosha miguu ya wajukuu watano, yakamalizia kupiga deki. Yanakohoa.

"Shikamooni," yalisema maji yangu.

"Marahaba," yalijibu ya beseni, yakachungulia ndooni. "Mbona mnang'aa hivyo, wajukuu? Mmestaafu kazi gani?"

"Kijiko."

"Vingapi?"

"Kimoja."

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mimi nikatazama juu, kama mtu anayetafuta saa ya ukutani.

Dirishani imekaa koki ya shaba, imefunga tai. Inazungumza kama koki za kwetu: neno moja, kimya, halafu jingine.

"Kijiko," ilisema. Tukasubiri. "Kilikuwa." Tukasubiri tena. Jani la pili likaniangukia begani. "Kichafu?"

Nikasema kilikuwa kichafu kupita kiasi.

"Anadanganya huyu," yalisema maji yangu. "Kilioshwa mwezi uliopita, na tangu hapo anakula kwa mkono."

Nikayanong'oneza, "Ninyi mko upande gani?"

"Tumeitwa kusema kweli, mzee. Tungeitwa kukusaidia, tungekusaidia."

Koki ikafungua faili, ikasoma polepole. Utumishi: sekunde tatu. Hayawezi kustaafu. Yarudi kazini mpaka yachoke. Dirisha linafungwa treni ikiondoka.

Nikauliza treni gani.

Nikageuka, kumbe tuko stesheni. Boga halimo tena mkononi mwangu. Limekwea behewa la pili, limekaa dirishani, majani yameegemea kioo.

"Unakwenda wapi?" nikaliuliza.

"Kondoa. Kwa mwenyewe aliyenipanda."

"Reli haifiki Kondoa."

"Leo inafika."

Nimefanya kazi reli miaka thelathini na mmoja, najua haifiki. Nikatazama ubao. Umeandikwa: Kondoa, moja kwa moja.

"Na ukifika utamwambia nini?"

"Sitamwambia kitu," lilisema boga. "Nitakufa tu pale mlangoni, aone."

Jani la tatu likalala. Mlinzi wa treni ameshatoa bendera ya kijani, anaikunjua bila haraka. Nikaanza kuzunguka jukwaani kutafuta kitu kichafu cha kuosha. Hakuna. Mabenchi yanameta. Hata kwato za mbuzi wanaosafirishwa zimepakwa rangi ya kiatu.

"Wewe," yalisema maji kutoka ndooni.

"Mimi nimeoga."

"Lini?"

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole, vikaniishia.

"Vua shati, Mzee Masinga," alisema Bi Ndalu. "Hapa wote tumeshaoa na kuolewa, hutuonyeshi jipya."

Basi naoga jukwaani. Wenzangu wa zamani wamejaa madirishani, wananitazama kama mzigo usio na lebo. Maji yananiingia masikioni, yanazunguka shingo, yanateremka mpaka visigino, kisha tone kwa tone yanapanda ukingo wa ndoo na kurudi ndani. Yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Yanahema.

"Mzee," yakasema, "tumechoka. Hatukujua kumbe kazi ndiyo hivi."

Koki ikayatazama kwa muda. "Muhuri. Wa maji. Haujaletwa," ilisema. Filimbi ikalia. "Tutatumia. Wa wastaafu."

Ikatumbukiza muhuri ndooni. Maneno mawili ya zambarau yakaelea juu ya maji, hayakuyeyuka. Lakini treni imeshaanza kusogea. Nakimbia, kifua wazi, ndoo inayumba. Kwenye dirisha la behewa la pili limebaki jani moja tu lililosimama, tena dogo.

"Toa mizizi nje," nikaliambia boga.

"Haifiki."

"Inyooshe."

"Sasa hivi ndiyo unajua kukimbia," lilisema, lakini likainyoosha. Nikamwaga ndoo nzima na maneno yake. Sikuona kama yamefika, kwa sababu jukwaa liliisha.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Kumeshapambazuka. Ni Mama Nyemo, anapiga kutoka Kondoa.

"Baba Nyemo, nimeamka vibaya. Boga langu liko hai au limekufa? Usinizungushe."

Nikamwambia asubiri. Nikatoka nje na simu sikioni. Majani yote yamesimama. Hilo halikunishangaza, maboga huinuka asubuhi hata yakiwa hoi. Nikainama. Kwenye jani la mwisho, lile dogo, kulikuwa na wino wa zambarau, herufi ndogo kama sisimizi.

"Umenyamaza," alisema. "Limekufa."

"Subiri nivae miwani," nikamwambia. Nikavaa, nikamsomea kama ilivyogongwa: "Yu hai."