Mbu wa Nyumba ya Kumi na Nne

Kila kichupa cha mbu katika maabara alikofanya kazi Yunisi kiliandikwa namba ya nyumba walimokamatwa. Kumi na nne ilikuwa nyumba ya mzee Gaspari wa Kinyangiri. Mwezi wa tatu Yunisi mwenyewe alitundika mtego humo, kando ya kitanda cha Noel, mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka mitatu. Dawa za kupimia zikachelewa, mbu wakakaa kabatini hadi mwezi wa nane. Noel alikufa kwa malaria mwezi wa nne.

Dawa zilipofika, Yunisi aliwasaga wale mbu, akatoa vinasaba, akaviingiza kwenye mashine. Kati ya vichupa tisa, viwili vilikuwa na vimelea vya malaria.

Aliandika majibu, kisha akabaki amekaa. Habari za nyumba ile alizijua. Kabla ya homa, Ritha, mama yake Noel, alilala na mtoto siku nne kwenye kibanda cha shambani akiwinga ndege wasile uwele. Msibani mzee alisema mbele ya watu kwamba mama ndiye aliyempeleka mtoto kwenye mbu. Ritha akarudi kwao Misigiri.

Jumamosi Yunisi alimkuta mzee akipepeta alizeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmeleta tena mitego?"

"Hapana. Nimeleta majibu."

Alipomaliza kueleza, mzee aliweka ungo chini. "Kwa hiyo walimuuma humu ndani?"

"Kipimo hakisemi walimuuma wapi, baba. Kinasema tu wenye vimelea walikuwamo humu, kabla Ritha hajaenda shambani."

Mzee alisimama, akavaa kofia. "Twende Misigiri," alisema. "Ukishasema wewe, nitasema mimi."

Ritha aliwapokea uani, akapiga goti kumwamkia mkwewe. Alimsikiliza Yunisi hadi mwisho.

"Hao mbu mliwachukua mwezi wa tatu?"

"Ndiyo."

"Mkawapima juzi."



Mzee alivua kofia. "Mwanangu, nilikuhukumu mbele za watu. Nisamehe. Rudi nyumbani."

"Miezi minne nimeamini kwamba nilimuua mwanangu," Ritha alisema polepole. "Nikiamka naamini, nikilala naamini. Wewe nimekusamehe, baba, ulisema kwa uchungu. Lakini Deo ni mume wangu. Alikuwa amesimama pale msibani, akanyamaza. Sirudi."

Mzee hakubishana naye. Walipofika Kinyangiri aliingia ndani bila kumuaga Yunisi.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alisimama mbele ya watu walewale wa msibani, akasema alimsingizia mkwewe na kwamba Ritha hakumkosea mtoto. Deo alikuwapo, karibu na mlango. Alitazama chini mpaka watu wakatawanyika.