Majoho ya Kipimo Kimoja

Jumanne asubuhi fundi alipiga pasi joho la kwanza la kwaya, akalitundika kwenye msumari na kulipima kwa futikamba, kama anavyofanya kwa kila nguo kabla haijatoka dukani. Lilikuwa joho la mwimbaji wa besi, jitu la watu lenye mabega ya kubebea magunia. Kifua kilitakiwa kiwe inchi arobaini na sita. Kilikuwa thelathini na mbili. Mkono wa kulia ulikuwa inchi ishirini na mbili, na wa kushoto ishirini na nusu.

Alifungua daftari la vipimo, akakata upya na kushona upya. Kitambaa kiliingia chini ya sindano kikiwa kipana na kutokea upande wa pili kikiwa cha inchi thelathini na mbili. Uzi haukukatika wala hapakubaki kipande sakafuni. Kufikia jioni alikuwa na majoho matano. Manne yalilingana, kila moja na mkono wake wa kushoto mfupi. La tano lilikuwa la mtu mrefu zaidi, mwembamba, mwenye mikono iliyo sawa.

Fundi aliketi kwenye stuli. Mkono ule alikuwa anaujua. Mke wa marehemu kaka yake alianguka akiwa mtoto, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo kila nguo yake hupunguzwa upande wa kushoto. Joho la tano lilikuwa la binti wa shemeji huyo.

Cherehani ilikuwa ya kaka huyo, naye alikuwa fundi. Siku chache baada ya mazishi wazee wa kanisa walikaa sebuleni kwa mjane, wakaandika vifaa vyote vya kazi kwenye karatasi, wakakubaliana kwamba cherehani itunzwe na mdogo wa marehemu mpaka binti afikishe miguu kwenye kanyagio. Wakati huo binti alikuwa na miaka tisa, na akikaa kitini miguu ilikuwa inaning'inia. Sasa alikuwa na kumi na tisa, na ni mwaka wa pili tangu amalize chuo cha ushonaji. Fundi hakuwahi kukataa kuirudisha. Alikuwa akisema tu kwamba watazungumza, na kidogo kidogo cherehani ya kaka ikaanza kuitwa cherehani ya dukani.

Tena yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akifundisha somo la uwakili, la kutunza vizuri ulichokabidhiwa, kila Jumapili kabla ya ibada. Mwezi uliopita tu alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, akieleza kwamba katika sheria ya Musa aliyekalia amana ya mwenzake hurudisha kitu chenyewe na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Watu waliandika. Kwa hiyo hesabu ya majoho manne na moja aliielewa upesi kuliko alivyopenda.

Mkewe alipoleta chai alilishika joho, akaunyoosha ule mkono wa kushoto.

"Kumbe unamshonea mama yake binti."

"Nashonea kwaya."

"Umemrudishia cherehani yake?"

"Hii ni wiki ya kazi, mke wangu. Tutaongea."

"Haya, endelea kumshonea," mkewe akasema, akachukua kikombe cha jana na kutoka.

Jumatano alibadilisha sindano, akatia mafuta, akajaribu kitambaa kingine. Suruali ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi ikatoka na kiuno cha yule mjane. Alasiri mwimbaji wa besi alikuja kujaribu joho, akajikamua mpaka likafika mabegani, akajitazama kwenye kioo.

"Linabana, fundi."

"Siku hizi cherehani ndiyo inayopima."

"Sawa. Na Jumapili mbele ya askofu nitaimbaje?"

"Utakuwa unavuta pumzi kidogo kidogo."

Mwimbaji aliwaza, akasema angejaribu, lakini mwalimu wa kwaya alikuwa ameshasema kwamba majoho yasipokuwa tayari Jumamosi, kitambaa kitapelekwa kwa fundi mwingine, na sare za shule ya kanisa zitafuata hukohuko. Fundi alitabasamu.

Alhamisi aliondoka nyumbani akiwa ameamua. Alipatana na mwenye mkokoteni, akamwambia asubiri simu yake, akaenda kwa shemeji yake kumwambia kwamba cherehani inarudi. Njiani aliyapanga maneno vizuri. Alimkuta dirishani, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, anapinda pindo la gauni la mtu kwa mkono.

"Karibu, shemeji. Umekuja nayo?"

Fundi alifungua kinywa kusema yale aliyoyapanga.

"Nimekuja kumwomba binti anisaidie siku mbili tatu," akasema.

Shemeji yake aliendelea kushona.

"Na cherehani?"

"Baada ya Jumapili."

"Ulisema baada ya Pasaka."

"Nilisema."

Shemeji alikata uzi kwa meno, akamwita binti yake. Mwenye mkokoteni alisubiri hadi jioni.

Ijumaa binti alikaa kwenye cherehani ya baba yake, akarekebisha kiti, akaweka miguu kwenye kanyagio. Miguu ilifika yote. Joho la kwanza alilolishona lilitoka na kifua cha inchi arobaini na sita na mikono iliyo sawa. La pili pia lilitoka sawa. Fundi alipima kila moja mara tatu. Jumamosi saa kumi majoho kumi na mawili yalikuwa yamekunjwa, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe.

"Baba mdogo," binti akauliza akifagia, "ninaweza kwenda nayo leo? Nimeona mkokoteni hapo nje."

"Umechoka, mwanangu. Njoo Jumatatu, saa mbili kasoro. Nitakuwa nakulipa kwa siku."

Aliyasema kwa upole, na ni kweli alikuwa anampenda.

Jumapili kwaya iliimba, na besi ilisikika mpaka barabarani. Mchungaji alimsimamisha fundi mbele ya askofu, akasema huyu ni wakili mwaminifu, asiyemwacha yatima wa kaka yake bila kazi. Watu walipiga makofi. Katika benchi la tatu shemeji yake naye alipiga makofi, taratibu, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Wazee waliokuwa wameandika ile karatasi walikuwa wamekaa nyuma yake, nao walipiga makofi.

Kanisa lilimzawadia fundi kitambaa cha suti, cha kijivu. Binti ndiye aliyeishona, Jumanne na Jumatano. Fundi aliivaa Alhamisi baada ya kufunga mlango wa duka. Alisogeza mabega, akainua mikono, akachuchumaa, akasimama. Alijipima kifua, kiuno, mkono wa kulia na wa kushoto, akitafuta mahali palipobana au palipopungua walau nusu inchi. Hapakuwepo, kana kwamba cherehani imeacha kumdai. Hakuwahi kuvaa nguo iliyomkaa hivyo maishani mwake, na hofu iliyomwingia pale mbele ya kioo ilizidi ya siku zote za majoho.

Jumapili iliyofuata aliivaa kufundishia. Alichukua chaki, akageukia ubaoni na kuandika somo la siku hiyo, na wote waliokuwa nyuma yake walikubaliana kwamba suti imemkaa vizuri sana.