Doa au Ua

Nilikuwa nikisugua mwili wa kalamu ya nne kwa msasa laini uliolowa maji, nikiondoa bluu ya wino iliyobaki baada ya dawa, Mwenyekiti alipoingia bila hodi. Alitazama kwanza kiti, akakipangusa kwa leso, ndipo akaketi.

"Inatoka?" aliuliza.

"Inatoka polepole, mzee."

"Ing'arishe sawasawa. Naitaka nyeupe kama jino la mtoto."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa kwenye meza ya pili, amempa mgongo, akipiga tupa ukingo wa kifuniko. Tupa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Kalamu hizo alizibuni yeye. Chama cha wakusanyaji kalamu kilimwomba atengeneze toleo maalumu, chache tu, kwa ajili ya wanachama, na mimi nikapewa kazi ya nibu, ile ncha ya chuma inayoandika. Alichagua mfupa wa ng'ombe, akauchemsha, akaukausha, akauchonga hadi ukawa mwembamba, asiupake vanishi. Kisha akajaza wino ndani ya kila kalamu, akazilaza ubavu kwenye trei, akaziacha. Wino ulipenya wenyewe hadi nje, kila kalamu kwa njia yake. Moja ilitoka kama mizizi, nyingine kama moshi, nyingine kama alama ya kikombe mezani. Hakuna iliyofanana na mwenzake. Tuliziosha, tukaandika mstari mmoja kwa kila moja kuijaribu, tukazipeleka chamani; wachache wakabaki na zao, nyingi zikarudi kwetu kumaliziwa.

Chama kikapasuka katikati. Nusu waliona ua, nusu wakaona doa. Maneno hayo mawili yakawa kama makabila. Watu wazima wenye heshima zao walikuwa wakikutana mlangoni na kuulizana, "Wewe doa au ua?" kabla hata ya kupeana mikono. Mwenyekiti wa chama ndiye aliyekuwa mkuu wa doa. Alisema kutia wino ndani ya kalamu mpya ni sawa na kupitisha miguu yenye matope juu ya shuka la bibi harusi. Kwao kalamu bora ni ile ambayo haijaguswa hata na tone, na kalamu ya namna hiyo huiita bikira. Hulitamka neno hilo kwa sauti ya chini, wakiwa wameshika kasha kwa mikono miwili, na hakuna anayecheka.

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nikiletewa nibu inayokwaruza, huiandikia kwanza kwa siku kadhaa, huenda mkwaruzo ni wa karatasi. Ufundi huu nilijifunza hivyo, peke yangu, kwa kuharibu za kwangu. Na watu hao niliwapa muda kama ninaoipa nibu. Nilijiambia mtu anayekusanya kitu kwa miaka lazima awe anakiona kuliko sisi tunaokitengeneza tu.

Mwishowe walikubaliana kwamba watu wa doa wasafishiwe zao. Wifi akasema sawa, lakini zilizosafishwa hataziwekea alama yake, ile nukta anayoichonga chini ya kifuniko kazi ikikamilika. Mwenyekiti akabinua mdomo. "Nani ataikosa?"

Jambo lililomkaba wifi halikuwa nukta. Kabla ya hapo alikuwa akichora lebo kwenye kiwanda: lebo za sabuni, za dawa ya mende, za mafuta ya kulainisha bawaba. Aliacha kazi ile chama kilipomwahidi kwamba toleo hili likipita, yatakayofuata yote ni yake. Sasa meneja wa kiwanda alikuwa amempigia simu. Kiti chake hakijapewa mtu, ila Jumatatu kitapewa. Na toleo lilikuwa halijapita wala halijakataliwa. Alikuwa amekonda. Akila alikuwa anakula kwa kuwa nimemtazama.

Nilikuwa nabadilisha msasa Daktari wa Meno alipoingia. Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa watu wa ua.

"Fundi, hujambo? Bado mnaosha maiti?" Kisha akamwona Mwenyekiti. "Aa, kumbe ndugu wa marehemu wapo."

"Afadhali maiti aliyeoga," Mwenyekiti akajibu, "kuliko mgonjwa wa surua unayemtembeza mfukoni."

"Mzee, mimi sina ugomvi. Oga, ogesha. Waambie na wenzako wote walete." Daktari aliinama juu ya trei, mikono nyuma, kama anayechungulia kinywa cha mtu. "Zenu zikishaoshwa zote, zetu zenye ua zitabaki za kuhesabika kwa vidole. Na kitu kikiwa kichache hupanda thamani, si wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha?"

Alipiga mluzi mfupi.

Leso ya Mwenyekiti ilikuwa njiani kuelekea shingoni. Ikasimama hapohapo.

"Fundi," akasema. "Hebu weka chini hiyo."

Niliiweka. Akanyanyuka, akachukua kwenye trei kalamu ambayo haijasafishwa, akaigeuza karibu na dirisha. Alikohoa.

"Unajua, kwa mwanga huu, ina kitu."

"Kitu gani?" wifi aliuliza bila kugeuka.

"Ina haiba."

"Mzee!" Daktari alishika kiuno. "Juzi mbele ya watu uliiita nepi."

"Juzi sikuwa na miwani."

"Ulikuwa nayo! Hiyohiyo, puani hapohapo!"

"Basi ilikuwa na ukungu. Fundi, hizi zangu nne rudishia ua. Na wenzangu wote nitawaambia wasilete kitu." Akamgeukia wifi, akanyoosha mkono kama anayegawa vyeti. "Binti, hongera. Toleo limepita. Na lijalo ni lako."

Hayo ndiyo maneno ambayo wifi alikuwa ameyasubiri tangu atoke kiwandani. Aliweka tupa chini. Mimi nikajikuta natabasamu kwa niaba yake kabla sijajua tunachofurahia.

Lakini Daktari alikuwa bado anapiga hesabu zake. Ilionekana usoni.

"Ngoja," akasema. "Kama kila mtu atakuwa na doa..."

"Ua," nikamkumbusha.

"Kama kila mtu atakuwa nalo, basi raha yake iko wapi? Fundi, yangu mimi nisafishie."

Wifi aligeuka. "Daktari, si wewe uliyeniambia ulitokwa na machozi ulipoiona?"

"Nililia, sikatai. Lakini mtu halii milele."

Mwenyekiti alicheka hadi meno ya bandia yakacheza. Aliyatengeneza Daktari mwenyewe, kwa hiyo huyo naye akayatazama kwa uchungu. Wifi hakucheka. Alimsogelea Mwenyekiti, akasimama karibu yake, kwa heshima, mikono mbele.

"Mzee, nakuomba kitu kimoja. Nionyeshe sehemu unayoipenda. Moja tu, popote ilipo."

"Binti, nimesha..."

"Ili nijue cha kufanya toleo lijalo."

Mwenyekiti aliigeuza kalamu huku, akaigeuza kule. Alipita juu ya mizizi ile ya bluu kana kwamba ni vumbi. Mwisho kidole chake kikatua kwenye pete ya shaba inayoshikilia kifuniko.

"Hapa," akasema. "Hapa kuna mkono wa msanii."

Pete zile tulizinunua dukani zikiwa ndani ya pakiti, pamoja na skrubu za ziada. Nilitazama sakafuni. Niliona aibu, ila sikuweza kusema ni kwa ajili ya nani.

"Ahsante, mzee," wifi akasema. "Toleo lijalo mpe mwingine."

"Haya, anajua kujipandisha!" Mwenyekiti alimkonyezea Daktari. "Tutazungumza, binti, tutazungumza."

Walitoka pamoja. Kutoka ngazini niliwasikia kila mmoja akimbembeleza mwenzake atangulie kusema msimamo wake wa mwisho, ili yeye achukue ule mwingine. Ndipo nilipohukumu. Ilinichukua miaka, na ilipokuja ilikuja nyepesi, kama kifuniko kinachojifungua chenyewe. Hawakuwa wakikusanya kalamu. Walikuwa wakikusanya nyuso za watu waliozikosa.

Nilifunga mlango.

"Wifi, umekataa kile ulichokitaka."

"Nimewaogopa hawa," akasema. "Napiga mswaki nawasikia. Nachora mstari, nasikia mtu anabinua mdomo. Nilidhani wanaona kitu ambacho mimi sikioni." Alisonya, msonyo mrefu, wa kutoka tumboni. "Jumatatu narudi kwenye lebo."

"Za dawa ya mende?"

"Za dawa ya mende. Kule mtu akilalamika kuwa herufi ni ndogo, ni kwa sababu bibi fulani ameshindwa kusoma kipimo. Malalamiko ya namna hiyo nayaweza."

Nilitaka kumwambia abaki, kwamba mikono yake si ya lebo. Lakini hilo pia lingekuwa la kutaka afanye kitu kwa ajili yao, walau ili awaonyeshe. Nikasuuza msasa.

"Na jioni?" nikauliza baadaye.

"Jioni nitakuja. Meza yangu usimpe mtu."

Kisha akavuta trei. Alisema zilizomo zote zitapata wino na zote zitapata nukta yake, makasha yafungwe, kila mwanachama achukue litakaloangukia mkononi mwake, na atakayenuna anune na kasha lake. Tulianza na nne za Mwenyekiti. Sijawahi kuona mfupa uliopitiwa dawa na msasa ukirudishiwa wino, na nilimwambia hivyo: unaweza kuunywa wote kwa pupa ukawa bluu tupu, au ukakataa kabisa.

"Tutaona," akasema, akajaza ya kwanza kwa bomba la sindano.

Alizilaza ubavu, akazifunika kwa kitambaa kibichi. Kila nilipogeuka nilimkuta ameinua pembe ya kitambaa anachungulia, na kila mara kulikuwa hakuna kitu, mfupa mweupe tu. Nibu nyingine zilikuwa zinangoja kunyooshwa, na vifuniko karibu vyote vilikuwa bado havijachongwa nukta. Nilizima taa ya mezani, nikamwambia avue aproni, wino una usiku mzima, sisi tuna kesho.