Mwanangu Anayekufa Kila Ramadhani

Nyinyi akina mama ambao watoto wenu wanataka kuigiza, nisikilizeni mimi wa mtaa wa Shubra.

Wagdi wangu alianza jukwaani kwa kumpelekea mfalme sinia ya kahawa. Sasa yumo kwenye tamthilia za Ramadhani, na kila mwaka wanamuua kipindi cha tatu, ili shujaa apate wa kumlipizia kisasi. Nimemlilia mara ngapi, naye kakaa ubavuni pangu anakula kunafa, ile tamutamu ya futari!

Mwaka juzi tukaenda kumposa Safinazi, aliyempenda tangu shuleni, binti wa Haji Bayumi muuza maini ya kukaanga. Haji akamtazama Wagdi juu mpaka chini.

"Mama Wagdi, huyu si ndiye marehemu?"

"Yu hai, Haji. Mguse!"

"Binti yangu simwozi maiti. Mtaa mzima utamwita mjane kabla hajavaa pete. Ramadhani ijayo aishi mpaka Idi, ndipo tusome Fatiha ya uchumba."

Wagdi akaenda kumwangukia mwongozaji. Yule bwana akacheka. "Unataka kuishi? Haya, ishi. Kwanza nilikuwa natafuta mtu wa kumsaliti shujaa."

Mwanangu akarudi anaruka. Vipindi thelathini! Mimi mjinga nikatoa sadaka.

Ramadhani ikafika, na karibu na Idi Wagdi akamuuza shujaa kwa adui zake. Asubuhi yake muuza mkate akanigeuzia mgongo. Haji akapiga simu, anatweta.

"Mtoto wako hana haya! Mtu kamlisha nyumbani kwake, naye anamuuza!"

"Haji, ni mchezo. Na si wewe uliyetaka aishi?"

"Nilitaka aishi, sikusema aishi vile! Bora angekufa na heshima zake kama zamani."

Safinazi akafungiwa ndani. Wagdi hakugusa kunafa mwaka ule.

Mwaka huu wakamchoma kisu kipindi cha pili, anamkinga bibi kizee. Mimi hata kulia nilisahau, nikashukuru. Kesho yake mlango ukagongwa, Wagdi akafungua mwenyewe. Haji Bayumi, macho mekundu, akamwangukia shingoni.

"Mungu akurehemu, mwanangu. Ulikuwa kijana mwema."

"Ahsante, ami," akajibu marehemu.

Haji akanigeukia, anapangusa machozi. "Mama Wagdi, mwite mumeo. Tusome Fatiha leo hii, kabla hawajamfufua."

Basi wenzangu, mtoto akitaka kuigiza, mkatazeni. Asiposikia, mwombeeni afe mapema.