Ufunguo wa Zahanati ya Kilimani

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ufunguo umo mkobani mwako, mlango uko mbele ya macho yako, lakini ruhusa ya kuufungua iko mdomoni mwa mtu mwingine. Ungefanyaje?

Mama Muhuri alikuwa karani wa kata. Jina hilo alipewa na watu kwa sababu muhuri wa ofisi haukutoka mkobani mwake hata alipokwenda msibani, kauviringisha kwenye leso ya bluu pamoja na kidau chake cha wino. Siku ile, mvua ikiwa inashinda na kukesha siku ya tatu, mkoba ulikuwa na kitu kingine: ufunguo wa zahanati mpya, ile ya ghorofa iliyojengwa kilimani mkabala na ofisi yake. Hata rangi ilikuwa haijaacha kunuka. Mlangoni ilibandikwa karatasi: usifunguliwe bila azimio la baraza. Na usidhani ni karatasi ya mchezo. Karani aliyemtangulia alifungua ghala la baraza siku ya moto, kwa huruma zake tu, watu wakapata pa kulala. Mwezi haukuisha, akaachishwa kazi. Barua yake ya kuachishwa, Mama Muhuri ndiye aliyeigonga muhuri, ikiwa kazi yake ya kwanza ofisini.

Chini ya kilima kulikuwa na bonde, nyumba arobaini hivi zimebanana kama meno, na moja ilikuwa yake. Aliishi humo na dada yake mkubwa, ambaye miguu ilikuwa imemgomea mwaka wa pili sasa. Asubuhi alimwacha kitandani, simu kifuani.

"Nenda kazini, mdogo wangu," dada alimwambia. "Mimi na kitanda hiki tumeshaoana, hakuna wa kututenganisha."

Barabara zilikuwa zimekatika, kwa hiyo kikao cha dharura kiliitwa kwa simu. Wajumbe ni kumi na watano. Walioweza kuingia walikuwa wanane, na Mama Muhuri, anayehesabiwa kwa cheo chake, alikuwa wa nane. Nane ndiyo akidi. Akipungua mmoja tu, kikao si kikao tena, na yote yaliyoamuliwa ni porojo.

"Asiondoke mtu," Mwenyekiti alisema. "Na kila mmoja azime kipaza sauti chake. Mwenye neno ainue mkono, nitamwita."

Mama Muhuri akabonyeza kile kikono cha manjano kwenye kioo cha simu. Kikasimama pembeni ya picha yake. Akangoja.

Wakaanza na muhtasari wa kikao kilichopita, kurasa tisa. Mjumbe mmoja akalalamika kwamba ameandikwa hakuhudhuria ilhali alitoa udhuru. Jambo hilo likajadiliwa, likageuzwa, likajadiliwa tena, mpaka nyuma yake ikapenya sauti ya mwanamke: "Baba watoto, uji unapoa!"

"Mke wa mjumbe hana hoja," Mwenyekiti akasema, na nyuso kwenye vioo zikacheka bila sauti.

Mama Muhuri naye alikuwa anatabasamu simu ilipotetemeka mkononi. Dada. Akipokea, kikao kitamkatikia, watabaki saba. Akaiacha itetemeke mpaka ikachoka.

Mhandisi akapewa nafasi kueleza kina cha mto. Alikuwa bado anasoma vipimo, saa kwa saa, wakati fundi cherehani wa bondeni alipogonga dirisha la ofisi, suruali imelowa mpaka magotini.

"Mama, maji yameingia vibarazani mwetu! Ufunguo si unao? Fungua basi!"

"Wanajadili," akanong'ona, kana kwamba wangemsikia. "Subiri kidogo, fundi."

"Kwani maji nayo yameambiwa yasubiri?"

"Nakuomba, nenda umtoe dada."

"Peke yangu? Unamjua dada yako alivyojaliwa mwili." Lakini alishageuka, anateremka mbio, anaita wanaume kwa majina.

Kidole cha Mama Muhuri kilikwenda kwenye alama ya kipaza sauti, kikarudi. Mwaka jana aliwahi kudakia kabla ya kuitwa, na Mwenyekiti alimwambia mbele ya baraza zima: "Mama Muhuri, hapa si kisimani." Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akatazama kikono chake cha manjano. Bado kimesimama. Wataniona, alijiambia. Wataniona tu.

Dada akapiga mara ya tatu. Ya tano. Ya saba. Halafu hakupiga tena.

Fundi aliporudi hakugonga. Alikaa kizingitini, kifua wazi, shati sijui liliishia wapi.

"Tuta la mto limeachia," alisema. "Tulifika wawili. Mlango wako maji yalikuwa yameubana, tukausukuma kwa mabega. Tulimsikia."

"Alisema nini?"

"Alikuwa anakuita wewe."

"Na sasa?"

"Sasa hatumsikii, mama."

Kwenye simu, Mhandisi alikuwa amemaliza vipimo vyake. "Mwenyekiti, samahani. Kuna mkono umesimama tangu tuanze."

"Mkono upi? Mimi nimeingia kwa simu ya vitufe, mikono siioni! Nilidhani ukiinuka mmoja mtanitajia. Ni nani huyo?"

"Mama Muhuri."

"Aa, mama yetu! Bahati nzuri tumefika kwenye mengineyo. Haya, sema, nafasi ni yako."

Mama Muhuri akafungua kipaza sauti. Mngurumo wa maji uliwafikia wajumbe kabla ya sauti yake. Alikuwa ameutoa ufunguo mkobani, ameulaza mezani juu ya leso ya bluu.

"Nilitaka ruhusa ya kufungua zahanati," alisema. "Ufunguo ninao. Nilitaka watu wa bondeni wapande, na dada yangu abebwe wa kwanza."